Vichochoro vya Mji Mkongwe kwa Kamera: Mwongozo Kamili wa Mwanga, Lenzi na Subira

Kichochoro chenye upana wa mita 2 kati ya kuta za kimo cha mita 10, kipimo ambacho si kigeni kwa aliyewahi kutembea mitaa ya Kiponda au Mkunazini katika Mji Mkongwe, hupata jua sakafuni kwa takriban saa moja na nusu tu kwa siku, tena ikiwa kimeelekea kaskazini na kusini. Kilichoelekea mashariki na magharibi hukaa tangu mapema Aprili hadi mapema Septemba bila sakafu yake kuguswa na jua hata mara moja. Hesabu hiyo ndogo ya pembe ndiyo chanzo cha picha nyingi mbovu za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mtu hufika na kamera nzuri, huingia kichochoroni saa nane mchana, huinua lenzi ili apate ghorofa zote, kisha hurudi na anga jeupe lisilo na kitu, kuta nyeusi zinazoangukiana, na mlango wa nakshi ambao nakshi zake hazionekani. Mambo mawili yaliyomponza, saa na pembe, yangeweza kujulikana kabla kamera haijatolewa begini, na kwa hiyo mwongozo huu unaanza na jua.

Namba za lenzi nitakazotaja ni za kamera yenye kihisi cha fremu kamili, yaani kihisi kikubwa. Mwenye kamera ya kihisi kidogo cha APS-C azigawe kwa 1.5, ili lenzi ya milimita 35 kwangu iwe kama ya 23 kwake. Mwenye simu ajue kwamba kamera kuu ya simu nyingi za siku hizi inalingana na lenzi ya milimita 24 hadi 26, na ile ya pembe pana zaidi inakaribia 13.

Hatua ya kwanza: kulisoma jua

Siku ya kwanza usipige picha. Tembea na simu yenye dira na daftari, na kwa kila kichochoro kinachokuvutia andika kinaelekea wapi, kuta zake ni za rangi gani, na ukuta upi ulikuwa na mwanga ulipopita na ilikuwa saa ngapi. Ramani itakudanganya, kwa sababu vichochoro hivi havikupimwa kwa kamba. Nyumba zilijengwa kwanza, kila moja ikifuata haja ya wenyewe, na njia ikawa ni nafasi iliyobaki baina ya kuta. Kichochoro kimoja kinaweza kupinda mara tatu katika hatua hamsini, na kila kipande kikawa na saa yake ya mwanga.

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jambo hilo lina matokeo ambayo vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya havitakueleza. Kwetu jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni hupita upande wa kaskazini, likiwa kwenye pembe ya nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba hupita upande wa kusini, kwenye nyuzi 73. Kati ya hapo, karibu na tarehe 5 Machi na tarehe 9 Oktoba, hupita utosini kabisa, na kwa siku chache mwanga hushuka wima kama maji yanayomiminwa katika mtungi. Jingine la kuzingatia ni kwamba jua letu halifiki kileleni saa sita kamili. Kutegemea mwezi, hufika kati ya saa 6:07 na saa 6:37 mchana, na katika kichochoro chembamba nusu saa hiyo ndiyo tofauti ya kuukuta mwanga na kuukosa.

Kwa hiyo, katika kichochoro cha kaskazini na kusini, jipange uwepo kuanzia saa tano na nusu. Utaona mwanga ukianza juu ya ukuta mmoja, ukiteremka, ukigusa sakafu kwa muda wake mfupi, kisha ukipanda ukuta wa pili. Katika kichochoro cha mashariki na magharibi mwezi Juni, mwanga utakuwa ni ukanda wa mita tatu na nusu tu kutoka juu ya ukuta, yaani kwenye madirisha ya ghorofa na kamba za nguo. Huko chini utafanya kazi na mwanga wa kurudishwa, ambao, kama nitakavyoeleza, si mwanga wa kudharauliwa hata kidogo.

Niliwahi kukaa Kiponda siku tatu mfululizo karibu na baraza moja ya mawe kwa ajili ya ukanda kama huo. Siku ya kwanza niliuona kwa bahati tu. Ulianza ukutani ukiwa mwembamba kama kiganja, ukateremka juu ya chokaa iliyobanduka, ukafika barazani penye dele la kahawa, na kwa muda wa kunywa kikombe kimoja mvuke ukawaka mweupe mbele ya kivuli cheusi. Halafu ukapita kwenye kandambili za mzee aliyeketi pale, ukaondoka. Siku ya pili nilichelewa. Siku ya tatu nilifika mapema, nikanunua kahawa, na picha nikaipata katika fremu ya nne au ya tano, kwa sababu kila kitu kilikuwa mahali pake na nilichokuwa nikingoja ni mwanga peke yake.

Hatua ya pili: salamu kabla ya kamera

Kichochoro ni njia ya umma, lakini baraza zake ni sebule. Wenyeji hukaa hapo, huzungumza, huuza na kupumzika, na anayeingia kimyakimya na lenzi ndefu anafanya kama aliyeingia nyumbani kwa watu bila hodi. Anza na salamu kamili, “Assalaam alaykum” au “Shikamoo” kwa mkubwa wako, na kaa kidogo kabla ya kusema shida yako. “Samahani mzee, naomba kupiga picha ya mlango huu” ni sentensi inayofungua mengi kuliko lenzi yoyote. Ukikataliwa, shukuru na uondoke na kamera ikiwa chini. Ukitazama kioo cha kamera baada ya kukatazwa, utaonekana umeiba.

Wanawake usiwapige picha za karibu bila ridhaa iliyo wazi, na ridhaa ya kucheka kwa haya si ridhaa. Watoto wanaotoka madrasa hupenda kamera, lakini wa kuombwa ruhusa ni mzazi au mwalimu wao. Wakati wa adhana na watu wakitoka msikitini, hasa Ijumaa mchana, kaa pembeni na uiache njia. Pale Jaws Corner, ambapo watu hukusanyika kwa kahawa, bao na domino na mazungumzo ya siasa, wengi wamechoka kupigwa picha na wapita njia. Keti, nunua kahawa, na huenda siku ya pili wakakuita wenyewe.

Hatua ya tatu: kuchagua lenzi kwa vipimo vya mahali

Mjadala wa lenzi huisha haraka mtu akichukua futi kamba. Tuseme unataka mlango mzima wa nakshi, pamoja na kizingiti chake cha juu, na umeuegemea ukuta wa pili ukiwa mita 2 kutoka mlangoni. Kamera ikiwa imesimamishwa wima, lenzi ya milimita 35 itakupa takriban mita 2 za urefu, na lenzi ya milimita 24 itakupa mita 3. Mlango mkubwa wa nyumba ya tajiri wa zamani, ukichanganya kizingiti na ngazi zake, hauingii katika mita 2. Kwa milango, basi, lenzi ya 24 ndiyo ya lazima, na simu inatosha kabisa.

Hata hivyo sishauri kuishi na pembe pana. Lenzi ya milimita 16, au kamera ya pembe pana zaidi ya simu, hukipanua kichochoro kikaonekana kama barabara ya magari, na hisia yenyewe ya kubanwa, ambayo ndiyo sababu ya kupiga picha pale, hupotea. Lenzi niliyoizoea ni ya 35, kwa kuwa inaonesha kuta mbili na mtu katikati yake bila kumfanya mtu awe sisimizi. Lenzi ya 85 ina kazi moja ambayo hakuna nyingine inayoiweza: ukiipata sehemu iliyonyooka na ukasimama mwisho wake, itazikusanya pamoja roshani, nyaya za umeme, taa na vibao vya maduka hadi kichochoro kionekane kimejaa kama kabati. Mtaa wa Gizenga, wenye maduka ya vinyago na picha za Tingatinga zilizotundikwa nje, ni mahali pazuri pa kuijaribu asubuhi wakati maduka yanafunguliwa.

Kwa maelezo ya karibu, kama vile njumu za shaba kwenye mbao au minyororo na mawaridi yaliyochongwa kwenye fremu za milango, usisogee na lenzi pana ukaukunja mlango. Tumia 50 au 85, na ungoje mwanga unaopita pembeni ya mlango, kwa sababu nakshi huonekana kwa vivuli vyake. Mwanga unaoupiga mlango usoni huufanya uwe bapa kama karatasi.

Hatua ya nne: kuzinyoosha kuta

Ukiinamisha kamera nyuma ili uione ghorofa ya tatu, kuta zitaelekeana juu kama hema. Wapiga picha wa zamani, waliotumia kamera kubwa za sahani za kioo, waliliepuka tatizo hili kwa kuisogeza lenzi juu huku mwili wa kamera ukibaki wima. Leo lenzi za namna hiyo zipo lakini bei yake ni kubwa, na kwa kazi yetu kuna njia tatu za bei nafuu.

Njia ya kwanza ni kuiweka kamera wima kabisa, ukitumia mistari ya usawa inayoweza kuwashwa kwenye kioo cha kamera au cha simu, kisha kupiga fremu ya wima yenye sakafu nyingi kuliko unavyotaka, na baadaye kuikata sakafu hiyo. Utapoteza theluthi ya picha lakini kuta zitasimama. Njia ya pili ni kupanda: ukiruhusiwa kusimama kwenye ngazi ya nyumba au dirisha la ghorofa ya kwanza, lenzi itakuwa katikati ya kimo cha jengo na haja ya kuinama itaisha. Njia ya tatu ni panorama ya wima, ambayo nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi huiharibu.

Funga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, ilaze kamera upande wa mlalo, na uweke kila kitu kwa mkono, yaani tundu la lenzi, kasi ya shata, ISO (wepesi wa kihisi kupokea mwanga), mizania ya rangi na umbali wa kulenga, ili fremu zote zilingane. Anza sakafuni na upande hadi angani kwa fremu nne au tano, kila moja ikichukua theluthi ya iliyotangulia. Programu ya kuunganisha picha itazishona, na ukichagua aina ya makadirio ya bapa, kuta zitanyooka. Kosa la kawaida ni kuacha kamera ijiamulie mwanga: fremu ya sakafu hutoka nyeupe, ya juu hutoka nyeusi, na mshono ukaonekana kama kiraka cha shuka.

Kuna pia hali ya kuliacha kosa lenyewe liwe picha. Laza kamera au simu chini, lenzi ikitazama juu kabisa, weka kipima muda cha sekunde 10, kisha ujitoe. Anga litageuka mto mwembamba baina ya kingo za mapaa, na kuta zote mbili zitaanguka kwa usawa. Tandika kitambaa chini kwanza, kwani mchanga hukwaruza vioo.

Hatua ya tano: kupima mwanga

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukuta uliopigwa na jua unaweza kuuzidi ukuta wa kivulini kwa stopu 5, na kwa kuwa kila stopu ni mara mbili ya iliyotangulia, hiyo ni tofauti ya mara 32. Kamera ikiachwa itafute wastani itavitosa vyote viwili. Ni lazima wewe uamue ni kipi cha kuokolewa.

Katika kivuli kizito cha mchana, anza na tundu la lenzi la f/5.6, sekunde 1/125 na ISO 400, kisha urekebishe. Ukanda wa jua ukiwa ndio mada yako, elekeza kipimo cha nukta, kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu, kwenye sehemu yenye mwanga na ukubali kivuli kiwe cheusi; picha nzuri za vichochoro zina weusi mwingi, na mtazamaji hujaza mwenyewe kilichomo. Mada yako ikiwa kivulini, pima kivuli na ulitoe anga nje ya fremu kabisa, kwa kushusha kamera au kwa kulificha nyuma ya roshani au tao. Wengine hupiga fremu tatu, moja sahihi, moja pungufu kwa stopu 2 na moja zaidi kwa stopu 2, kisha huziunganisha. Mimi huitumia njia hiyo kwa majengo peke yake, maana mtu akipita kati ya fremu ya kwanza na ya tatu hutokea na vichwa viwili. Simu nyingi hufanya muunganisho huo zenyewe na kuzilaza rangi zote zikawa kama supu. Gusa sehemu yenye mwanga kwenye kioo, kisha uteremshe kidole ili upunguze mwangaza hadi kivuli kirudi kuwa kivuli.

Kuta za chokaa zina hila yake. Kipimo cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, na ukijaza fremu kwa ukuta mweupe kitautia ukijivu. Ongeza fidia ya mwangaza kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja. Buibui jeusi au mlango wa mti mweusi hudai kinyume chake, yaani upunguze kidogo.

Nilisema mwanga wa kurudishwa si wa kudharauliwa. Jua linapoupiga ukuta mweupe wa upande mmoja, ukuta huo hugeuka taa kubwa laini inayomwangazia mtu wa upande wa pili. Studio hulipia mwanga wa namna hiyo. Mweke mtu, kwa ruhusa yake, akitazama ukuta unaowaka huku yeye mwenyewe akiwa kivulini, na ngozi yake itaonekana kwa upole na macho yatapata nukta ya mwanga. Angalia tu rangi: ukuta wa manjano utamtia umanjano, na milango ya kijani itamtia ukijani chini ya kidevu. Kivuli kinachopata mwanga wa anga peke yake huwa cha buluu, kwa hiyo weka mizania ya rangi karibu na Kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500 hadi 7000, au piga faili ghafi aina ya RAW na uamue baadaye.

Hatua ya sita: kumngoja mtu

Kichochoro bila mtu kina faida yake, lakini mtu hutoa kipimo. Chagua jukwaa kwanza, yaani tao, kona, au kipande cha mwanga kwenye ukuta, panga fremu, kisha ungoje. Kwa lenzi ya 35 kwenye f/8, ukilenga umbali wa mita 3 na kuzima ulengaji wa kujiendesha, kila kitu kuanzia mita 1.9 hadi mita 7 kitaonekana wazi vya kutosha, bila ukungu. Ukifanya hivyo hutahitaji kuinua kamera usoni ghafla wala kusubiri lenzi itafute, na aliyepita atapita kwa mwendo wake.

Piga pale hatua ya mtu inapokuwa imepanuka, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma. Miguu iliyokutana humfanya aonekane amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mwache pia awe na nafasi mbele yake. Katika kichochoro nafasi ni ghali, na mtu aliyebanwa kwenye ukingo wa fremu huonekana kama anagonga ukuta.

Hatua ya saba: mwendo, na kosa la kufuata baiskeli

Mafunzo mengi yanasema ufuate baiskeli kwa kamera kwa kasi ya 1/30 ili nyuma yake pawe mistari. Katika kichochoro ushauri huo haufanyi kazi, kwa sababu baiskeli na vespa haziji kwa ubavu. Zinakuja usoni au zinakupa kisogo. Mbinu hiyo inafaa kwenye njia panda tu, ambapo wewe umesimama katika tawi moja na baiskeli inakatiza mdomo wake. Una kama sekunde moja, hivyo anza kuzungusha kiuno unaposikia kengele.

Ndani ya kichochoro chenyewe, fanya kinyume: kamera itulie na watu waende. Kwenye f/11 na ISO 100, kivuli kizito kitakupa sekunde 1/8 bila kichujio chochote cha kupunguza mwanga. Mtu anayetembea kwa kasi ya kawaida huenda sentimita 17 hivi katika muda huo, kwa hiyo umbo lake hubaki ila kingo zake hulainika. Ukiongeza hadi nusu sekunde ataenda sentimita 70 na kuwa kama moshi. Napendelea 1/8, kwa kuwa bado unaona kwamba aliyepita alibeba kikapu. Bila stendi, egemeza bega kwenye fremu ya mlango, vuta mkanda wa kamera ukaze shingoni, toa pumzi nusu, na upige fremu tatu mfululizo. Ya katikati mara nyingi ndiyo iliyotulia.

Stendi yenyewe usiitandaze miguu yote njiani. Hamali mwenye mkokoteni hana breki, na akipiga kelele “njia!” hakutanii.

Magharibi, usiku na baada ya mvua

Machweo ya kwetu ni mafupi. Tangu jua kuzama una dakika 20 hadi 25 ambamo buluu ya anga na manjano ya taa hulingana, na kwa kuwa kichochoro huwa na giza kabla ya barabara ya ufukweni, ingia humo mara tu jua linapozama badala ya kubaki Forodhani na umati. Uwe umeshachagua fremu mchana. Giza likiisha kuingia, anza na f/4, sekunde 1/30 na ISO 3200 mkononi, au f/8, sekunde 2 na ISO 200 kwenye stendi. Taa ikiwa ndani ya fremu, f/11 hadi f/16 itaipa miale kama nyota. Taa za mtaani na za dukani hazina rangi moja, na kupigania kuzisawazisha zote ni kupoteza muda: chagua ile inayomwangazia mada wako uisawazishe, nyingine ziache.

Flashi ya kamera iache nyumbani. Hurudi kutoka ukuta wa karibu, huunguza upande mmoja wa picha, na huwasumbua waliokaa barazani kwa mazungumzo yao.

Masika, baina ya Machi na Mei, huwafukuza wageni wengi na kumwachia mpiga picha kitu bora. Mawe yaliyolowa hurudisha mwanga wa milango iliyo wazi, na dimbwi lenye upana wa sahani linatosha kubeba jengo zima. Geuza simu kichwa chini ili lenzi iwe sentimita moja au mbili juu ya maji. Picha itageuzwa baadaye. Kwa kamera yenye kioo kinachokunjuka, iteremshe hadi iguse ukingo wa dimbwi na uisogeze polepole mbele na nyuma mpaka tao lote liingie.

Kamera na hewa ya pwani

Asubuhi moja nilitoka katika chumba cha wageni chenye kiyoyozi, nikashuka ngazi moja kwa moja hadi kichochoroni kwa ajili ya mwanga niliokuwa nimeupangia wiki nzima, na lenzi ikafunikwa na ukungu mzito. Nilipoifuta ilirudi kuwa ileile, na nilipoifuta tena nikaipaka chumvi na mafuta ya vidole. Kufika ilipopata joto la hewa ya nje, mwanga ulikuwa umeshapanda ukuta. Tangu hapo kamera hulala katika begi lililofungwa, nje ya chumba chenye ubaridi, au huitoa nusu saa kabla, ikiwa bado ndani ya begi, ili ipate joto taratibu. Jioni pangusa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa sababu chumvi ya bahari hukaa kwenye viungio, na usibadilishe lenzi ukutani penye chokaa inayomwagika.

Kusafisha picha na kuirudisha

Katika programu ya kuhariri, nyoosha wima kwanza, kisha ukate, kisha ndipo ushughulikie mwanga. Usiinyooshe kwa asilimia mia. Jicho limezoea kuona majengo marefu yakikaribiana kidogo juu, na ukuta ulionyooshwa kabisa huonekana umepanuka kwa juu. Vivuli vipandishe kidogo tu, na ukiona chembechembe za rangi zimeanza kujitokeza kwenye weusi, rudi nyuma. Picha zilizobebwa na rangi mbili za taa zisizopatana mara nyingi huokolewa kwa kugeuzwa nyeusi na nyeupe. Anayetaka kuona jinsi mji huu ulivyosomwa kwa weusi na weupe apite Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, aangalie picha za zamani kabla ya kurudi kwenye kompyuta yake.

Uliowapiga picha kwa ruhusa wapelekee nakala iliyochapishwa. Ya sentimita 10 kwa 15 inatosha. Andika tarehe na jina la mtaa nyuma kwa penseli, itie katika bahasha, na uipeleke mwenyewe saa ileile uliyoipiga, kwani ndiyo saa ambayo utamkuta barazani.